Feni ipi inafaa kupoza mota ya gari la rimoti?

Swali: Ndugu zangu, gari langu la kipimo cha 1:10 (sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) lina mota ya ukubwa wa 540 na betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli 2, na baada ya dakika 10 mota huwa ya moto kiasi kwamba siwezi kuishika. Je, ninunue feni ya milimita 30 au 40?

Jibu: Ndugu, ikiwa nafasi inaruhusu chukua ya 40, kwa kuwa husukuma hewa nyingi bila kulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa. Soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye kibandiko chake: betri yako ikijaa hutoa volti 8.4, hivyo feni ya volti 5 ukiiunga moja kwa moja inaweza kuungua.

Jibu: Naomba kuongeza kwamba feni haitibu gia isiyofaa. Mota yangu ilikuwa ikitoa harufu ya vanishi (rangi inayofunika nyaya zake) inayoungua. Nilipobadilisha gia yake ndogo, ile inayokaa kwenye ekseli ya mota, kutoka meno 23 hadi 20, joto lilishuka kabla sijafunga feni yoyote.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nimehesabu yangu, ina meno 25, nitaanzia hapo.