Sakafu ya terazo imepauka baada ya kumwagiwa asidi: inarudishika? Na hasara anabeba nani?

Dekio_Kavu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba wazoefu wa usafi wa majengo. Kuna ukumbi wa ofisi hapa Makole, Dodoma, terazo kama mita za mraba 60. Wakati wa ukarabati mafundi walidondosha saruji na rangi sakafuni. Vijana wa usafi wakamwaga asidi ya dumu, ile isiyo na lebo inayopimwa kwa lita, wakasugua kwa fagio gumu na kusuuza mara moja. Saruji imetoka, lakini sakafu imepauka, na ukipitisha kiganja inakwaruza kama msasa laini. Ikikauka inatoa unga mweupe. Ukideki unaondoka, asubuhi umerudi. Koki za choo cha jirani zimeota madoa meusi na hazikuguswa na mtu. Fremu za alumini za mlango zina michirizi myeupe.

Mwenye jengo anataka sakafu yake kama ilivyokuwa. Meneja wa usafi anataka kukata mishahara ya vijana watatu. Kuna anayeshauri ipigwe nta nzito ing'ae, yaishe. Mnasemaje?

FundiJiwe_Dom:
Nta weka kabatini kwanza. Ukipaka sasa unafungia chumvi na asidi humo ndani. Baada ya wiki chache nta inabanduka kama ngozi iliyoungua jua na utalipa kuikwangua pia.

Sakafu hiyo imelika. Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyoshikwa na saruji. Marumaru ni chokaa na saruji imejaa chokaa, na asidi haidrokloriki chakula chake ni chokaa. Povu linalochemka ukimwaga ni jiwe lenyewe linaondoka. Kinachobaki ni chumvi ya kalsiamu ndani ya vinyweleo, na ndiyo inayopanda juu kama unga kila sakafu inapokauka. Kwa hewa kavu ya Dodoma itapanda haraka.

Anza kwa kuua asidi. Magadi soda gramu 100 kwa ndoo ya lita 10, tandaza, acha dakika 10, sugua kwa brashi ya nailoni. Halafu nyonya maji kwa mashine ya kunyonya maji. Dekio peke yake linahamisha chumvi kutoka kona moja kwenda nyingine. Suuza kwa maji safi mara mbili, kila mara ukinyonya. Kisha bandika karatasi ya litmasi ya bluu, ile ya kupimia asidi, kwenye sakafu mbichi: ikigeuka nyekundu, rudia. Acha ikauke siku mbili au tatu. Unga ukirudi, suuza tena, usikimbilie hatua inayofuata.

Mng'ao utarudi kwa kusaga tu, hakuna dawa ya chupa. Mashine ya sahani moja ya inchi 17, mwendo wa mizunguko 150 hadi 180 kwa dakika, na pedi za almasi (namba ikiwa ndogo, pedi inakwaruza zaidi). Pitisha kucha: kama haikwami, anza na namba 400, kisha 800, 1500, 3000. Kama kucha inakwama kwenye saruji kati ya mawe, anzia 100 au 200. Maji muda wote, pita mara 3 au 4 kila namba, kwa urefu kisha kwa upana. Tope la namba moja lisafishwe lote kabla ya kuweka inayofuata, maana punje moja ya 200 ikibaki chini ya pedi ya 1500 inachora duara utakaloliona kila jua likiingia mlangoni.

Kuruka namba ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anatoka 200 anakwenda 1500, sakafu inang'aa ikiwa mbichi, ikikauka ina ukungu.

Pembeni mwa kuta mashine kubwa haifiki. Hapo watu huchukua grenda ya kawaida na kumwagia maji. Msifanye hivyo, ile inaua. Itafutwe mashine ya mkono iliyotengenezwa kwa kusaga mawe kwa maji, kwenye umeme wenye swichi inayokata yenyewe ukivuja. Ikikosekana, pembe zisagwe kwa mkono, ni kazi ya goti na uvumilivu.

Mwisho ndiyo mnaweka dawa ya kuziba vinyweleo, sakafu ikiwa kavu kabisa.

Bi_Nzuguni:
Namuunga mkono fundi, ila magadi soda yasifike kwenye fremu. Alumini inaliwa na asidi na inaliwa na magadi pia. Bandika utepe wa plastiki sentimita 10 kutoka chini kabla hamjamwaga ndoo. Fremu zenyewe zisuuzwe kwa maji mengi, kisha maji yenye baking soda, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, dakika mbili, suuza, kausha kwa kitambaa. Michirizi ikibaki baada ya hapo, ngozi ya juu imeshaungua. Fremu isiyopakwa rangi inaweza kupolishiwa. Iliyopakwa rangi ya unga ya kiwandani ni kupaka upya au kubadilisha.

Koki hazikuhitaji kuguswa. Mvuke wa asidi hiyo unasafiri. Ukifunga milango ukaanza kusugua, unatua kwenye kromu, bawaba, vitasa, hata skrubu za soketi, unakutana na unyevu na kutu inaanza. Madoa machanga hutoka kwa sabuni laini na kitambaa. Ukiona vishimo vidogo kama vya sindano, kromu imetoboka, nunueni koki.

Halafu hili neno "marumaru" linaponza wengi. Hapa mjini mteja anaita marumaru kila kitu kinachong'aa: kigae cha kauri, posilini, graniti na marumaru yenyewe ya jiwe. Kijana anaambiwa "osha marumaru", anakumbuka kigae alichokiosha kwa asidi jana kikatoka vizuri, anamwaga. Muulize mteja, kisha usimwamini: weka tone la ndimu au siki nyuma ya mlango, subiri dakika tano, futa. Likitoa povu au likiacha alama iliyopauka, asidi ya aina yoyote ni mwiko, hata ile ya chooni, hata siki ya kutolea magamba ya maji yetu ya chumvi.

Dekio_Kavu:
Asanteni sana. Choo kiko upande wa pili wa korido na ni cha vigae vya posilini. Huko wanaweza kuendelea na asidi? Na harufu waimalize kwa jiki?

Zamu_ya_Usiku:
JIKI HAPANA. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na ndani ya choo chenye kidirisha kimoja inaweza kumlaza mtu kwa pumzi chache. Dawa nyingi za kusugulia sinki la choo ni asidi tayari, kwa hiyo hata "kidogo cha hiki na kidogo cha kile" ni kosa lile lile. Kwenye mikojo iliyokaa pia jiki inatoa gesi kali, maana mkojo una amonia. Mtu akianza kukohoa na macho kuwasha: toka wote, acha ndoo hapo hapo, usimwage kitu kingine juu yake. Macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali hata kama anasema amepona, kwa sababu mapafu yanaweza kubana saa kadhaa baadaye. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Posilini inavumilia, grauti (saruji ya kuziba kati ya vigae) haivumilii. Loweka grauti kwa maji kwanza ili isinywe asidi. Ndoo ya plastiki, maji sehemu 15, asidi sehemu 1, maji yatangulie kwenye ndoo. Dakika tatu, sugua, suuza, magadi, suuza. Madirisha wazi, glovu ndefu za mpira, miwani.

Mzee_wa_Mikataba:
Kuhusu mishahara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Kukata kwa ajili ya hasara kunaruhusiwa iwapo mfanyakazi amekubali kwa maandishi, hasara imetokea kazini kwa kosa lake, mwajiri ameandika sababu, kiasi na hesabu yake, na mfanyakazi amepewa nafasi ya kuyapinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Meneja aliyekabidhi dumu lisilo na lebo, bila kufundisha wala kupima kona, atapata shida kuonyesha kwamba kosa ni la vijana. Wasisaini karatasi yoyote ya "kukubali deni" kabla ya kuona hesabu. Ikishindikana, ni CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Na piga picha leo, kabla ya magadi: sakafu, koki, fremu, dumu lenyewe.

FundiJiwe_Dom:
Naongeza moja. Kabla ya kukubaliana bei na mtu wa mashine, mwambie asage mita moja ya mraba kwenye kona mpaka 3000, iachwe ikauke usiku kucha, mwenye jengo aione asubuhi. Vipande vya jiwe vikibaki vimezama chini ya saruji au saruji chini ya jiwe, aanzie namba ya chini zaidi, na bei inabadilika.

Dekio_Kavu:
Kesho asubuhi picha, kisha magadi. Utepe nimeshanunua.