Kikundi cha Majirani: Idara tatu za nyumba kuwa moja

Mama Neema: Habari za jioni jamani. Shikamoo Mzee Salum. Jiji linataka kuunganisha idara ya nyumba, idara ya maendeleo ya mitaa na ofisi ya ukaguzi wa majengo ziwe idara moja. Baraza la jiji litaijadili mwezi ujao. Sisi wa mtaani tuangalie nini hasa?

Mzee Salum: Marahaba mama. Kuunganisha kwenyewe si kubaya. Hata hii ruzuku ya CDBG, fedha za serikali kuu za maendeleo ya mitaa ambazo miji ya Marekani inazitegemea, ilizaliwa hivyo: mwaka 1974 sheria ilikusanya programu saba zilizokuwa zinaendeshwa kila moja kivyake, ikazifanya fungu moja. Watu wanaumia kipindi cha kuhama. Msipoteze muda kwenye mchoro wa nani yuko chini ya nani. Ulizeni foleni ya maombi ya ukarabati inakwenda wapi, na nani ana mamlaka ya kusaini mikataba siku idara ya zamani inapofungwa.

Kaka Bakari: Foleni ndiyo ya kwanza. Ukarabati ukilipiwa na fedha za HOME, ruzuku nyingine ya serikali kuu ya nyumba za wenye kipato kidogo, uhakiki wa kipato cha familia unadumu miezi sita. Miezi hiyo ikipita kabla msaada haujatolewa, uhakiki unarudiwa. Mtu akiwa ameongezewa saa za kazi na kipato kikavuka asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, ameshatoka. Kwa hiyo idara ikikaa miezi minne haisaini kitu kwa sababu ya kuhama, maombi yanakufa yenyewe bila mtu kuyakataa. Tudai kwa maandishi kwamba kila ombi linahama na tarehe yake ya kupokelewa, na kwamba hakuna anayeanza upya mwisho wa mstari.

Da Furaha: Kwenye rasimu nimeona wanasema ukarabati wote utakuwa "programu moja ya nyumba". Hiyo si nafuu kwa watu? Fomu moja badala ya tatu.

Kaka Bakari: Fomu moja sawa. Fedha moja hapana, na hapo ndipo pa kukaza macho. HOME inadai nyumba yote ifikishwe kwenye viwango: umeme, mabomba, paa, ngazi, kila kitu. Huwezi kuitumia kubadilisha hita peke yake mwezi wa kwanza baridi ikiwa kali. CDBG inaruhusu matengenezo ya dharura ya kitu kimoja. Wakiunganisha programu halafu wakahamishia ukarabati wote HOME, msaada wa dharura umefutika bila baraza kuupigia kura. Ulizeni: dharura imetengewa dola ngapi za CDBG, na ni siku ngapi tangu simu mpaka fundi afike?

Mzee Salum: Naongezea la rangi yenye risasi, maana mtaa huu nyumba nyingi ni za kabla ya 1978. Kwa fedha za serikali kuu, gharama ya ukarabati ndiyo inaamua. Mpaka dola 5,000 kwa nyumba, fundi anafanya kazi kwa njia salama na kurekebisha rangi aliyoigusa. Zaidi ya 5,000 mpaka 25,000, lazima mtaalamu apime hatari kwanza na hatari hizo zidhibitiwe. Ikizidi 25,000, zinaondolewa kabisa. Mkaguzi wa risasi akiwa idara moja na anayeandika orodha ya kazi idara nyingine, orodha inaandikwa kabla ya kipimo. Zabuni inatolewa, mkandarasi anatoa madirisha, ndipo kipimo kinakuja na kazi ya dola 9,000 zaidi. Mradi wa 20,000 umekuwa 29,000, na zabuni haikuhesabu hilo. Hapa muungano unaweza kusaidia kweli, ilimradi waandike kwamba kipimo kinatangulia orodha ya kazi.

Mama Neema: Na wakaguzi wa majengo kuwa idara moja na watu wa msaada? Majirani watasema ukiomba msaada wa paa umejiletea faini.

Mzee Salum: Hofu hiyo ni halali, na ikiachwa, wazee hawataomba. Dawa yake ni kanuni iliyoandikwa: taarifa za ombi la msaada hazitumiki kutoa faini, na faini zilizokuwepo zinasimama wakati ombi linashughulikiwa. Hatari ya moja kwa moja kwa maisha, kama gesi inayovuja, ibaki nje ya kanuni hiyo. Ahadi ya mdomo ya mkurugenzi haitoshi, wakurugenzi hubadilika.

Da Furaha: Wanasema pia muungano utaokoa gharama za utawala.

Kaka Bakari: Tazama mistari miwili. Utawala na mipango haviruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya CDBG. Lakini mshahara wa anayesimamia ukarabati wa nyumba fulani unaweza kuandikwa kama gharama ya utekelezaji wa mradi, na hiyo haimo kwenye 20. Utawala unaweza kuonekana umepungua kwenye jedwali kumbe watu ni walewale, wamehamishiwa mstari wa ukarabati, na fedha za mapaa ndizo zimepungua. Ombeni hesabu ya mwaka uliopita na mwaka ujao pamoja: nyumba ngapi, na wastani wa fedha zilizofika kwenye nyumba yenyewe.

Kuna kipimo kingine cha HUD, wizara ya serikali kuu ya nyumba na maendeleo ya miji. Siku 60 kabla mwaka wa programu haujaisha, fedha za CDBG ambazo hazijatumika zisizidi mara moja na nusu ya ruzuku ya mwaka. Jiji linalopata milioni 4 lisiwe na zaidi ya milioni 6. Mikataba ikikwama kwa kuhama, salio linapanda. Jiji likiogopa kukatwa, linakimbilia kutengeneza barabara na njia za miguu, kwa sababu zinamaliza fedha haraka kuliko nyumba 40 ndogondogo. Hivyo ndivyo fedha za nyumba zinavyoyeyuka.

Mama Neema: Tuna nafasi ya kusema rasmi?

Kaka Bakari: Ipo. Wakibadilisha vipaumbele vya ugawaji au namna fedha zinavyogawanywa, lazima warekebishe mpango waliowasilisha HUD, na mpango wa jiji wa kushirikisha wananchi ndio unaosema yapi ni marekebisho makubwa. Yakiwa makubwa, lazima wayatangaze na wapokee maoni kwa siku zisizopungua 30. Maoni wanayoyakataa wanaambatanisha pamoja na sababu. Andikeni kwa mkono au barua pepe, msitegemee kusema ukumbini tu. Na palipo na wakazi wengi wasiojua Kiingereza, mpango wa jiji wa kushirikisha wananchi lazima ueleze watahudumiwaje kwenye vikao. Mkalimani wa Kiswahili aombwe mapema, sio siku ya kikao.

Da Furaha: Swali la mwisho. Wenye mikopo ya jiji inayosamehewa kidogokidogo, deni limesajiliwa kwenye hati ya nyumba. Idara ikifutwa nani analiondoa?

Mzee Salum: Deni ni la jiji, sio la idara, kwa hiyo halifutiki na idara. Kinachopotea ni faili. Kila mwenye mkopo aombe sasa barua yenye salio, tarehe ya mwisho wa masharti na jina la cheo kitakachosaini hati ya kuondoa deni. Waliokwisha maliza miaka yao wakaangalie ofisi ya usajili wa hati ya kaunti kama uondoaji umeandikwa. Mara nyingi jiji limesamehe kwenye vitabu vyake lakini halijasajili, na mtu anagundua siku anauza nyumba, mnunuzi amekaa mezani.

Mama Neema: Nakusanya maswali haya kwenye barua moja. Anayetaka kuweka jina aandike hapa na mtaa wake kabla ya Ijumaa.