Holda imeyeyuka juu ya tangi la kobe: nawapashaje joto bila kuunguza nyumba?

MamaPendo_Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Jirani yetu amehama, kamwachia mwanangu kobe wawili wa majini, wale wenye alama nyekundu nyuma ya jicho. Hata kiganja cha mtoto hawakijazi. Tangi la kioo kaacha, taa zake kaondoka nazo.

Nikaenda duka la mifugo, nikanunua ile taa nyekundu ya vifaranga, wati 250, nikaifunga kwenye holda ya plastiki juu ya tangi. Jana saa nane usiku nikaamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Holda imelainika, taa inaning'inia kwa waya, imebaki kidogo tu iguse maji. Pendo analala chumba hichohicho! Nimechomoa kila kitu, na mpaka sasa mwili unatetemeka nikikumbuka.

Lakini usiku huu upepo wa ziwani umekuwa mkali, kobe wamejikunyata hawali. Siwezi kuwaacha wafe, mtoto kawapenda mno. Nianzie wapi?

FundiUmeme_Igoma
Pole sana dada. Taa hiyo ni ya banda, inaning'inizwa juu kwa mnyororo. Kwenye tangi dogo ni moto mno, na holda ya plastiki haiwezi kuistahimili. Tafuta balbu ya zamani, ile ya kutoa joto, wati 40 au 60 (LED haitakupa joto la maana), holda ya kauri, na uifunge kwa mnyororo kutoka darini. Kibanio usikiamini. Pazia likae mbali.

Waya wa chochote kinachoingia kwenye maji uache ulegee ushuke chini ya soketi ndipo upande, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni. Na mwite fundi akufungie breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Kabla ya kutia mkono kwenye maji, chomoa plagi. Kila mara.

Kobe_wa_Bwiru
Shikamoo Mama Pendo. Fundi kasema vizuri, ila joto ni nusu tu ya kazi. Kobe hawa wanahitaji miale ya UVB, ile iliyomo kwenye mwanga wa jua, ili mwili utengeneze vitamini D na kalisiamu iingie kwenye gamba. Bila hiyo gamba linalainika, ukilibonyeza linabonyea. Taa ya vifaranga haina miale hiyo. Taa za UVB zipo, ila zibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, maana zinaendelea kuwaka wakati miale imeshapungua.

Sisi wa huku jua tunalo. Mimi wangu nawatoa saa tatu asubuhi, beseni pana, jiwe katikati, ubao umefunika nusu ili wapate kivuli. Dakika 20 au 30, na siondoki hapo. Mwaka wa kwanza niliacha beseni juani bila kivuli, nikaingia ndani mara moja tu. Niliporudi maji yalikuwa ya moto na mmoja alikuwa amekufa. Naumia hadi leo. Mwewe nao wanaangalia. Kuwaweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia UVB.

Ndani, maji yawe nyuzi 25 hadi 27, jiwe la kuotea joto kama 32. Nunua kipimajoto, mkono unadanganya. Hita ya maji ivalishe bomba la plastiki lenye matundu wasiigonge, na isiwake ikiwa nje ya maji, itapasuka. Usiku taa izimwe, wanahitaji giza. Ukiona mapovu puani au anaelea upande, mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi.

Mzee_wa_Kirumba
Pendo anawe mikono kwa sabuni kila akiwashika, kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha. Ulizia pia kibali kwa maofisa wanyamapori. Na ukichoka nao, nakuomba mama, usiwatie ziwani. Asili yao ni Marekani. Sangara aliletwa, gugumaji likaja, tunajua ziwa letu lilivyoteseka.

MamaPendo_Nyegezi
Marahaba mwanangu wa Bwiru, na poleni kwa yule kobe. Mzee, ziwani hawaendi, nimeshamwambia Pendo.

Leo saa tatu tumekaa nao uani, mimi na Pendo, na mwavuli. Yule mdogo kapanda jiwe, kanyoosha miguu yote ya nyuma, kafumba macho. Tuliporudi ndani kala dagaa wawili. Fundi anakuja kesho kufunga breka.