Retikulosaiti 6%: je, uboho unafanya kazi?

Tabibu_Urambo
Wakuu, habari za kazi. Mama wa miaka 30, kamaliza dozi ya malaria jana. HB (kiwango cha damu) 6, hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu) 18, retikulosaiti (chembe nyekundu changa) 6%. Majibu yameandikwa "juu", maana kawaida ni 0.5 hadi 2.5. Nihesabu kwamba uboho unatengeneza damu vizuri?

Maabara_Nguruka
Hapana mkuu. Hiyo ni asilimia ya chembe nyekundu zilizopo, na huyu mama anazo chache. Rekebisha kwanza kwa hematokriti ya kawaida, 45: 6 × 18 ÷ 45 = 2.4. Tena damu ikipungua hivyo, uboho huzitoa changa kabla ya wakati, zikakaa kwenye mzunguko kama siku mbili badala ya moja. Kwa hematokriti ya 16 hadi 25 gawanya kwa 2. Umebaki na 1.2. Kwa mwenye upungufu wa damu, chini ya 2 uboho haujaitikia. Ikizidi 3 unajitahidi, basi tafuta damu inakovuja au kuvunjwa.

Hadubini
Na hiyo 6 yenyewe ihakikiwe. Rangi ya nyu methilini bluu isiyochujwa huacha punje juu ya chembe, anayehesabu haraka anaziita retikulosaiti. Uchafu hung'aa ukizungusha fokasi, na utauona hata nje ya chembe. Damu ya EDTA (dawa ya kuzuia kuganda) na rangi viwe kiasi sawa, dakika 15 kwenye nyuzi 37, kisha changanya tena taratibu kabla ya kupaka slaidi, kwa sababu changa ni nyepesi, huelea juu. Hesabu chembe 1,000 kwa lenzi ya 100. Vimelea vya malaria navyo hushika rangi hii, kwa hiyo linganisha na slaidi ya giemsa (rangi ya kutafutia malaria). Sampuli ikipelekwa Tabora mjini, iwe kwenye kibebeo cha baridi bila kugusa barafu. Kwenye joto changa huendelea kukomaa chupani na hesabu hushuka.

Tabibu_Urambo
Asanteni sana. Nimwanzishie madini chuma?

Maabara_Nguruka
Kwanza hali yake. Akihema kwa shida, moyo ukienda mbio, au akiwa mjamzito, mpe rufaa leo akaangaliwe kuongezewa damu. Akiwa ametulia, pima choo kwa minyoo ya safura, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) na selimundu. Malaria yenyewe hubana uboho, rudia retikulosaiti baada ya siku 7. Ukimpa madini chuma, zianze kupanda siku ya 3 hadi 5, kilele siku ya 7 hadi 10. Zisipopanda, uliza kama anavimeza vidonge kweli, na kama anavishushia chai, maana huzuia madini chuma kuingia mwilini.

Hadubini
Kama alichomwa atesuneti (sindano ya malaria kali), HB irudiwe kila wiki hadi wiki ya nne. Chembe huweza kuvunjika upya siku 7 hadi 21 baada ya sindano, vimelea vikiwa vimeshaisha.