Land Rover 109 ya petroli haiwaki ikiwa ya moto: koili, kondensa au mafuta?

Landi_Igoma
Habari wakuu. Nina 109 Series III, petroli lita 2.25, bado ya platini (zile ncha mbili zinazokata na kuunga umeme wa koili). Asubuhi inawaka stata ya kwanza. Ikitoka Kisesa hadi mjini, nikizima kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga haiwaki tena mpaka ipoe kama nusu saa. Stata inazunguka vizuri, betri nzima. Plagi, waya za plagi na koili (inayopandisha volti za betri ziwe cheche) ni mpya. Fundi mmoja anasema kabureta, mwingine kondensa, kile kikopo kinachozuia platini zisiungue kwa cheche. Nianzie wapi kabla hela haijaisha?

Platini040
Usinunue kitu kwanza. Ugonjwa huu watu wanaupima gari ikiwa imeshapoa, na hapo kila kitu ni kizima. Pima palepale inapogoma.

Chomoa waya wa katikati kwenye kifuniko cha distributa (kigawa moto kwa plagi), ushike kwa koleo lenye mpira, ncha ikae milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Mwenzako apige stata. Cheche ya bluu, nene, yenye mlio: koili na platini zinafanya kazi, hamia kwenye rota (kidole kinachozunguka ndani ya distributa) au mafuta. Cheche ya njano, nyembamba, au inakuja na kupotea: shida ni koili, kondensa, platini au umeme unaoingia.

Rota inapimwa kwa waya huohuo. Toa kifuniko, iache mahali pake, sogeza ncha milimita 3 juu ya shaba yake ya katikati, piga stata. Cheche kali ikiruka kuingia kwenye rota, imetoboka na umeme unashukia kwenye shafti.

UmemeWaGari
Mimi nashuku hiyo "koili mpya". Zima swichi, chomoa waya zake zote, pima kati ya + na −. Gari isiyo na rezista (kipunguza umeme kabla ya koili) inataka koili ya kama ohm 3. Madukani zimejaa za ohm 1.5, za gari zenye rezista ya nje, na kwa sura zinafanana kabisa. Piga hesabu: volti 12 kwa ohm 3 ni ampea 4, kwa ohm 1.5 ni ampea 8. Ikiwa baridi inatoa moto mkali, muuzaji anasifiwa. Ikishatembea inachemka, varnishi ya waya za ndani inaanza kuvujisha umeme, na platini nazo zinaungua.

Angalizo: shaba ikipata joto, ohm zinapanda. Koili ya 3.0 ikisoma 3.5 ikiwa ya moto ni ya kawaida, usiitupe. Na mita haioni uvujaji wa ndani. Kwa huo, zungushia mwili wa koili kitambaa kilicholowa maji, mdomo wake ubaki mkavu. Ikipoa na gari ikawaka ndani ya dakika chache, mwizi umemkamata.

Kondensa: chomoa ya zamani kabisa, funga nyingine ya mikrofaradi 0.2 kwa nje, waya kwenye − ya koili, mwili kwenye chuma safi. Usiiongeze juu ya ile ya zamani, maana kama ina shoti, mpya haisaidii kitu.

Kabureta_Pasiansi
Mafuta nayo msiyaachie. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, petroli inachemka mapema kuliko Dar. Ukizima injini, feni na maji vinasimama, joto la manifoldi linapanda kwenye kabureta. Kama cheche ni nzuri, toa mpira wa hewa uchungulie. Petroli inadondoka ndani: imejaa, kanyaga mafuta mpaka chini bila kupampu, piga stata hadi ishike. Pakavu: vuta kwa mkono ule wenzo wa pampu ya mafuta. Vibanio vya nguo kwenye paipu ni mapambo tu.

Landi_Igoma
Nimepima ikiwa imegoma. Cheche ya njano, inakatika. Koili ohm 1.6, na ubavuni imeandikwa itumike na rezista. Kwenye gari sioni rezista yoyote. Kitambaa cha maji kimeiwasha. Nifunge rezista au nibadili koili?

UmemeWaGari
Badili, weka ya ohm 3. Rezista ya ohm 1.5 ingepunguza ampea, lakini bila waya wa pili kutoka kwenye stata unaoiruka, wakati wa kustati koili itapata volti kidogo. Halafu hiyo imeshapikwa, hata kwa spea ya safari haifai.

Platini040
Ukishafunga, badili na platini. Pengo ni milimita 0.35 hadi 0.40, lipimwe kisigino cha platini kikiwa juu kabisa ya kamu, ile nundu ya shafti inayozifungua, kisha weka taimingi upya, maana pengo likiongezeka moto unakuja mapema. Washa swichi platini zikiwa zimefungana, pima kutoka − ya koili hadi chuma cha injini: ikizidi volti 0.3, angalia ule waya mwembamba wa ethi wa sahani inayobeba platini ndani ya distributa. Hukatikia ndani ya ganda, kwa macho unauona mzima. Ukimaliza kupima zima swichi mara moja, koili isichemke bure.