Naomba ushauri: masanduku ya chuma cha kutu na mimea isiyopukutisha majani kwenye baraza

Mwana wa Kigamboni
Wakuu, salaam. Kwa wiki mbili sasa usingizi wangu umekuwa wa vipande. Ninataka kupendezesha baraza langu kwa masanduku marefu ya kupandia yaliyotengenezwa kwa kile chuma kinachoachwa kipate kutu ya rangi ya hudhurungi, kama yale ya kwenye picha za nyumba za Ulaya, na ndani yake nipande mimea inayobaki ya kijani mwaka mzima. Fundi ameniambia kwamba chuma hicho hujitengenezea gamba lake na hakihitaji kupakwa rangi. Maswali yangu ni mawili tu: ni mimea gani itakayopendeza humo, na je, maji yenye kutu yataharibu vigae vyangu vyeupe? Mwezi ujao tunapokea wageni wa posa ya mdogo wangu, kwa hiyo muda ni mchache.

Shangazi wa Tanga
Mwanangu, huku pwani ukiuondoa mkungu, ni mti gani wa nyumbani unaokaa uchi ukisubiri mvua? Hayo ya kuchagua majani yasiyopukutika ni ya watu wenye theluji. Nyumbani kwetu uani kulikuwa na mkadi, mlangilangi, asumini na mrehani, na alasiri tukikaa mkekani kutunga vikuba, mpita njia alijua kwa harufu tu kwamba nyumba ile ina shughuli. Mgeni wa posa hapokewi kwa kutu. Panda asumini.

Toroli Bovu
Marehemu babu aliacha toroli lililokula kutu mpaka likatoboka, nasi tukawa tunaona aibu wageni wakilikuta. Kumbe tulikuwa na mapambo ya Ulaya. Ninaliuza, na matundu ya kutolea maji nitakupa bure.

Msumeno Butu
Mimi kazi yangu ni kuchomelea, kwa hiyo niruhusuni nijibu lililoulizwa. Chuma kinachozungumziwa hapa ni kile kijulikanacho kwa jina la Cor-Ten, kilichoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930. Ndani yake huchanganywa shaba kidogo, kromiamu na nikeli, na kikilowa na kukauka, kikilowa na kukauka, kutu yake hushikamana na kuwa ngozi inayozuia kutu nyingine isiendelee. Katika miezi ya mwanzo hutiririsha maji ya rangi ya chai ya rangi, na vigae vyeupe vikiyanywa hayo, hasa kwenye viungio vyake, utasugua mpaka uchoke. Kabla sijaendelea, nijibu mambo matatu: bahari iko umbali gani, masanduku yana vipimo gani, na chini ya hilo baraza kuna nini?

Mwana wa Kigamboni
Ahsante, Msumeno. Masanduku ni sita, kila moja lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 60, na bamba lake ni la milimita 3. Bahari haiko mbali, jioni tunausikia upepo wake vizuri sana, na hiyo ndiyo raha ya hapa. Kuhusu mimea, nimekwisha kuagiza miseprasi midogo kutoka Lushoto.

Msumeno Butu
Umejibu mawili. Chini ya baraza kuna nini?

Mwana wa Kigamboni
Nilidhani tunajadili mimea. Haya, liko ghorofani, na chini yake ni chumba cha mama. Dari lake lina alama ya unyevu upande wa dirishani tangu masika, lakini ni ndogo, kama sahani ya chai, na haijaongezeka sana. Fundi amekagua kwa macho akasema zege ni imara. Tafadhali msinilaumu, kwa sababu malipo ya awali nimekwisha kuyatoa, masanduku mawili yako tayari, na miche imeshafika.

Msumeno Butu
Basi hilo si baraza, ni roshani, na tungeanza na neno hilo tungeokoa siku nzima. Sanduku la vipimo vyako, likijaa udongo uliolowa, hukaribia kilo 600. Bamba la milimita 3 lina kilo 23 na nusu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chuma chenyewe kinaongeza kilo 60 na ushee. Mzigo wote huo unakaa juu ya eneo lisilofika hata mita moja ya mraba, ilhali sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, ukiacha uzito wa zege lenyewe. Yote sita ni karibu tani nne juu ya kitanda cha mama yako, kwenye zege ambalo tayari linapitisha maji, na maji yakizifikia nondo, nazo hupata kutu, huvimba na kulipasua zege kutoka ndani.

La pili ni bahari. Ile ngozi haitengenezeki vizuri mahali penye hewa ya chumvi, kwa sababu chumvi hukishikilia kile chuma katika unyevu na kutu inaendelea kula. Uwanja wa Aloha kule Hawaii, uliofunguliwa mwaka 1975, ulijengwa kwa chuma cha aina hiyohiyo kwa matumaini kama yako, na kutu haikukoma.

Mwana wa Kigamboni
Nimekusikia, lakini fundi wangu amesema chuma chake kimetoka kwenye makontena ya meli, ambayo maisha yake yote yako baharini. Kama kingekuwa cha kuliwa na chumvi, meli zingefika na matundu. Naye ni mtu makini, kila jioni anayapulizia masanduku maji ya chumvi na siki kwa bomba la dawa ili rangi iwahi.

Mama Wawili
Sikuelewa hesabu za kilo, lakini nimeelewa kwamba mwanaume mzima amehesabu wageni wa siku moja kabla ya kumhesabu mzazi anayelala humo kila usiku. Wakwe watakuja kumtazama binti, hawatapanda ghorofani kukagua majani.

Hakimu wa Nyuzi
Samahanini, lakini uzi huu una harufu ya kupikwa. Makontena yana kuta zenye mikunjo, tena bamba lake ni jembamba, milimita 2 au pungufu. Mwenzetu ametuambia bamba lake ni la milimita 3. Aidha amejiunga juzi, na kila akibanwa anamsifia fundi. Ninashuku kwamba mwenye uzi ndiye fundi mwenyewe, na kesho atatuwekea namba ya simu na bei. Mama, dari na posa ni chumvi ya mchuzi.

Toroli Bovu
Kama ni tangazo, basi na la toroli langu lihesabiwe.

Mwana wa Kigamboni
Ninaapa mimi si fundi, na mama yangu si hadithi. Baada ya kusoma maneno ya Hakimu nimekwenda karakana. Ubavu wa masanduku umenyooka kama meza, hauna mkunjo hata mmoja. Nimepitisha leso nyeupe mara moja tu, ikatoka na unga wa rangi ya manjano, na kwenye kona, pale palipochomelewa, nimebandua kwa ukucha ganda jembamba kama ukoko. Nilipomuuliza amekata kontena gani, akasema alinunua bamba dukani lakini "ni lilelile".

Msumeno Butu
Hakimu amekosea mtu, lakini uongo ameuona. Hilo ni bamba la kawaida lililoharakishwa kwa chumvi, na chumvi hiyo sasa imo ndani ya kutu na haitaacha kazi. Tena nikuulize jambo dogo: umewahi kuona kontena linalosafiri bila rangi? Wenye meli wanakijua chuma chao kuliko sisi, na bado wanakipaka.

Hayo mawili yaliyo tayari yanaweza kuokolewa. Yasuguliwe kwa brashi ya waya, yaoshwe kwa maji baridi mengi, yapakwe rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, yatobolewe chini na yawekwe juu ya miguu, ardhini. Ndani pachika mabamba ya povu upande wa jua, maana chuma cha saa nane mchana hupika mizizi. Roshani ishughulikie mhandisi kabla ya vuli.

Shangazi wa Tanga
Na hiyo miseprasi ya Lushoto, mwanangu, imezoea ukungu na baridi ya mlimani.

Mwana wa Kigamboni
Nimesimamisha manne yaliyobaki, ingawa malipo ya awali hayarudi, na kwa kweli bado ninaumia, kwa sababu picha ile nilikuwa nayo kichwani mwaka mzima. Mawili yatawekwa chini, pembeni ya mlango wa mama. Nilipomwambia, akauliza kama udongo wake ni mzuri, kisha akasema la kwanza ni la asumini na la pili ni la mchaichai. Miseprasi saba imekaa kivulini, miwili imeanza kuwa rangi ya masanduku. Aliye Lushoto au Mbeya na anayeihitaji aniambie, nitalipa nauli ya basi.

Hakimu wa Nyuzi
Miseprasi saba kwa masanduku sita?

Mwana wa Kigamboni
Mmoja ulikuwa wa akiba.