Steshenari yangu Kilombero: ninunue antivirasi, nibaki na Defender au nihamie Linux?

MamaSteshenari
Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Nina steshenari karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, kompyuta mbili, zote Windows 10. Kutwa nachomeka flashi za watu: ripoti za fildi, barua za kazi, CV. Juzi dada mmoja kaja na flashi, kila folda imegeuka shotikati yenye kishale pembeni. Nikabofya moja. Kufika jioni kila flashi iliyoingia baada ya ile ilikuwa hivyohivyo, na mwanachuo mmoja karudi analia kwamba ripoti yake imefutikia kwangu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nimewekewa mezani njia nne: antivirasi ya boksi ya kulipia kila mwaka, ile ambayo kijana mmoja anataka kuniwekea kwa elfu tano, anasema ni ya kudumu, kubaki na Defender iliyokuja na Windows, au kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Aliyewahi kutumia anieleze.

FundiNgarenaro
Pole sana dada. Mtulize huyo mwanachuo, uwezekano mkubwa kazi yake ipo. Kirusi cha shotikati huficha mafaili, halafu kinakuwekea vishale ili ukibofya ukiamshe chenyewe. Safisha kompyuta kwanza kwa skani kamili. Kisha chomeka flashi, skani, futa vishale, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri. Kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s E:\*.* /s /d

Ukiona folda isiyo na jina, usiiguse kwa kufuta! Mara nyingi mafaili yote yamehamishiwa humo.

Ya elfu tano ikatae leo hii. Hiyo imekrakiwa, yaani imevunjwa kufuli ya leseni ili itumike bila kulipia. Kraki nyingi zinakuambia uzime ulinzi kwanza ndipo uziweke, na ukishazipa ruhusa zinafanya zinalotaka ndani ya mashine.

KiboriloniTech
Niko Moshi, nimetumia ya kulipia miaka mitatu, sasa niko na Defender. Kwa kukamata virusi, kwangu sijaona tofauti ya kunifanya nilipe. Maabara kama AV-TEST ya Ujerumani huzipima zote, na Defender imekuwa ikipata alama za juu kwa miaka sasa. Udhaifu wake ni kwamba inategemea sana intaneti. Kwenye vipimo vya bila mtandao vya AV-Comparatives, maabara nyingine, huwa inashuka kuliko nyingi za kulipia. Kwa hiyo mama, kama unawasha bando mara mojamoja, ya boksi ina hoja. Kama intaneti ipo muda wote, hiyo pesa nunulia diski ya nje.

Ila usidhani utaziendesha zote mbili. Ukiweka nyingine, Defender yenyewe inajiweka pembeni.

Na hiyo Windows 10 inanitia wasiwasi kuliko antivirasi. Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida, yaani kutoa viraka vya kuziba matundu ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa, kilipozunguka dunia Mei 2017, kiraka cha tundu la Windows kilimopitia kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia ni ambao hawakuwa wameapdeti. Kama mashine zako zinakubali Windows 11, hamia.

MwalimuMajengo
Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, tuliiweka kwenye maabara ya shule. Vile virusi vya shotikati haviamki humo, maana vimeandikiwa Windows. Lakini kwa steshenari sikushauri uhamie moja kwa moja. Faili la Word likifunguliwa kwa LibreOffice, programu inayotumika humo badala ya Word, majedwali yanaweza kusogea, na mteja wa ripoti hatakuelewa. Chukua kompyuta chakavu moja, iwekee Mint, iwe ndiyo mlango: flashi zote zinaingilia hapo, unatoa faili linalohitajika tu, ndipo liende mashine ya kuchapia.

FundiNgarenaro
Mwalimu amesema vizuri. Niongeze: kwenye Windows washa ionyeshe viishio vya majina ya mafaili. Kuna "CV.pdf" ambayo ukiwasha hiyo unakuta ni "CV.pdf.exe". Hiyo si CV, ni programu.

Neema_Soweto
Naomba mtu asipuuze nakala za akiba za mafaili. Ofisi moja niliyofanyia kazi waliweka programu ya uhasibu ya kraki, asubuhi mafaili yote yamefungwa, kuna ujumbe wa kudai malipo. Diski ya nakala walikuwa nayo, lakini ilikuwa imechomekwa usiku kucha, nayo ikafungwa. Miezi saba ya vitabu tuliandika upya kutoka kwenye risiti. Ukimaliza kunakili, chomoa waya, weka kabatini.

MamaSteshenari
Ahsanteni jamani, Mungu awabariki. Kijana wa elfu tano nimemwambia hapana. Nabaki na Defender kwa kuwa intaneti ninayo kutwa, diski nanunua mwisho wa mwezi, na laptopu ya zamani ya mdogo wangu inawekwa Mint Jumamosi.

Mwanachuo kaja leo saa nne. Nimeandika ile amri, ikatokea folda isiyo na jina. Nikaifungua: sura zote tano, na picha za fildi. Amekaa kwenye kiti cha wateja akasoma ukurasa kwa ukurasa. Nimemchapia bure.

Mwalimu, hiyo Mint itaitambua printa ya zamani, au niiache tu iwe ya kupokelea flashi?

MwalimuMajengo
Iache ya kupokelea.